Joto Si Halijoto: Uhakiki wa Istilahi za Kinu na Tanuu

1. Madhumuni

Makala haya yanachunguza kikundi kidogo cha istilahi ambazo mtafsiri, mwalimu na mtumishi wa serikali hukutana nazo kila mara jambo la nishati linapozungumzwa: joto, halijoto, tofauti ya halijoto, uzalishaji wa joto, tanuri na kinu. Mengi ni maneno ya kila siku, na huenda msomaji akajiuliza yana kasoro gani. Kasoro yake haionekani kila neno linaposimama peke yake katika orodha. Huonekana maneno hayo yanapowekwa pamoja katika sentensi moja ili yaeleze jinsi kinu kinavyofanya kazi. Hapo aghalabu hugongana, na maana hupotea.

Hoja yetu ni moja. Istilahi haina budi kupimwa ndani ya sentensi, na sentensi inayofaa kwa kazi hiyo ni ile iliyo ngumu kuliko zote, yaani ile ambamo dhana mbili zinazokaribiana zinatajwa pamoja, moja ikiwa sababu na nyingine ikiwa matokeo. Orodha zetu za istilahi, zikiwamo zile za Tafsiri Sanifu ambazo Baraza la Kiswahili la Taifa lilianza kuzitoa mwaka 1974, zimefanya kazi kubwa ya kulipatia kila neno la kigeni mwenzake wa Kiswahili. Lakini orodha hupanga neno kwa neno, na haimwonyeshi mtumiaji maneno mawili jirani yanavyoishi pamoja.

Mifano yetu tumeichota hasa katika pwani ya Mtwara, kuanzia Mikindani hadi Ziwani, Msimbati na Maingilio ya Mto Ruvuma. Tumefanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, pwani hiyo ina ufundi wa moto wa tangu zamani: uchomaji wa chokaa, wa mkaa, na ukaushaji wa mbata. Pili, ni pwani iliyopata viwanda vipya vya nishati. Gesi asilia iligunduliwa katika Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, na tangu mwaka 2015 bomba linaipeleka kutoka Madimba hadi Dar es Salaam. Basi maneno ya kale na mahitaji mapya yanakutana mahali pamoja, na mhakiki hahitaji kwenda mbali kuyapima.

2. Sentensi iliyoshindikana

Kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika kilianza kufanya kazi mwaka 1959 mjini Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa. Kilikuwa kinu kidogo cha utafiti cha aina iitwayo TRIGA. Mwaka 1972 kilifuatwa na kingine cha aina hiyo hiyo chenye nguvu ya megawati 1, nacho kilisimamishwa mwaka 2004. Vinu vya aina hii vilisifiwa kwa tabia moja ya usalama, na ni tabia hiyo inayotuletea sentensi yetu ya kwanza ya majaribio.

Nishati ya kinu hupatikana kwa mpasuko wa viini vya urani, na mpasuko huo huendelezwa na nyutroni zilizopunguzwa mwendo. Katika kinu cha TRIGA kazi ya kupunguza mwendo hufanywa kwa sehemu kubwa na haidrojeni iliyomo ndani ya fueli yenyewe. Fueli ikipata moto, haidrojeni hiyo nayo hutikisika zaidi, huanza kuzirudishia nyutroni mwendo badala ya kuupunguza, na mpasuko hupungua papo hapo. Kwa hiyo kinu hujizuia chenyewe bila kungoja mkono wa mtu.

Sasa mtafsiri aliyezoea neno joto kwa kila kazi na ajaribu kuieleza tabia hii kwa ufupi. Atapata sentensi ya namna hii: “Joto la kinu likiongezeka, joto hupungua.” Msomaji afanye nini na sentensi hiyo? Joto la kwanza ni lile linalosomwa kwa kipimajoto. Joto la pili ni nishati inayozaliwa katika kila nukta ya saa. Ni vitu viwili, lakini vimevishwa jina moja, na jambo la maana sana kuhusu usalama wa kinu limegeuka kitendawili. Msomaji mpole atadhani hana elimu ya kutosha, na msomaji mkali atadhani anadanganywa. Wote wawili watakuwa wamekosewa na mtafsiri.

Tuiandike upya: “Halijoto ya fueli ikipanda, uzalishaji wa joto hupungua.” Hakuna neno gumu lililoongezwa. Neno halijoto limo katika kamusi zetu, zikiwamo za Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, tangu zamani. Lililobadilika ni kwamba kila dhana imepewa neno lake, na sentensi imepata uti wa mgongo.

3. Neno moja, kazi tatu

Katika mazungumzo ya kawaida joto hufanya kazi angalau tatu. Hutaja hali ya hewa au ya mwili (“leo kuna joto”, “mtoto ana joto”). Hutaja kipimo (“joto limefika nyuzi 34”). Tena hutaja nishati inayotoka kitu kimoja kwenda kingine (“joto la moto limeikausha mbata”). Matumizi haya hayana lawama nyumbani na sokoni, wala hatupendekezi watu wafundishwe kusema upya. Lugha yoyote ya watu hubeba maana kadhaa katika neno moja, na muktadha hutenganisha.

Lakini sayansi huanzia pale muktadha unaposhindwa kutenganisha. Tuchukue kikombe cha chai yenye nyuzi 90 na maji ya Ghuba ya Mikindani yenye nyuzi 28. Ni kipi chenye joto zaidi? Kwa halijoto, ni kikombe. Kwa wingi wa joto, ghuba inakishinda kikombe mara zisizohesabika, kwa kuwa maji yake ni mengi mno. Hata hivyo kikombe kikitumbukizwa baharini, joto litatoka kikombeni kuingia ghubani, kutoka kwenye kidogo kwenda kwenye kingi. Mwanafunzi asiyekuwa na maneno mawili hawezi kulisema jambo hilo, na asiloweza kulisema atalishika kwa taabu.

Wako wanaojaribu kuepa shida hii kwa kutumia “kiwango cha joto”. Maneno haya yameenea sana katika taarifa na vitabu, na kwa hiyo yanastahili kuhakikiwa kwa makini. Kasoro yake ni kwamba kiwango huweza kuwa ngazi au kiasi. “Kiwango cha joto kinachozalishwa na kinu” ni kiasi cha nishati. “Kiwango cha joto cha fueli” ni halijoto. Mtafsiri anadhani amepata istilahi, kumbe amepata maneno mapya yenye utata ule ule wa zamani. Tunaona afadhali “kiwango” kiachiwe maana ya kiasi kilichowekwa au kilichofikiwa, na halijoto isimame kwa miguu yake.

Itaulizwa: je, kipimajoto nacho kibadilishwe jina, maana hakipimi joto bali halijoto? La, hasha. Neno hilo limekwisha kukaa, kila zahanati inalo, na hakuna sentensi inayoharibika kwa sababu yake. Hali kadhalika “nyuzi joto”, ambayo imeshikana ikawa kama neno moja. Istilahi hurekebishwa pale inapopotosha. Kurekebisha kisichopotosha ni kuwachosha watumiaji bure.

4. Ushahidi wa tanuu la chokaa

Asiyeamini kwamba tofauti ya joto na halijoto ina maana kwa mtu wa kawaida, na alitazame tanuu la chokaa. Nyumba za kale za Mikindani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kuunganishwa kwa chokaa iliyotokana na mawe hayo hayo. Magogo hupangwa, mawe yakarundikwa juu yake, moto ukawashwa na kuachwa ufanye kazi yake. Uvunaji wa matumbawe hai umeharibu sana miamba ya bahari katika upande huo, na ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, umepigwa marufuku. Sisi hapa twautaja ufundi huo kwa ajili ya elimu iliyomo ndani yake.

Jiwe la chokaa huanza kuvunjika vizuri likifika nyuzi 900 hivi. Hapo hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi na kubakia chokaa hai. Kazi hiyo ya kuvunjika inakula joto: kila kilo ya jiwe inahitaji karibu kilojuli 1,780, mbali na zile zilizotumika kulipasha. Kwa hiyo moto unaendelea kuwaka, joto linaendelea kuingia katika jiwe, na halijoto ya sehemu inayovunjika haipandi kama ambavyo mtu angetarajia. Joto linaongezwa, halijoto imesimama. Sentensi hii ni kweli tupu, lakini kwa mtu mwenye neno moja ni mkanganyiko mtupu.

Baadaye chokaa hai humwagiwa maji, na kinyume chake hutokea. Mmenyuko wa chokaa na maji huzalisha joto: kilo moja ya chokaa safi hutoa karibu kilojuli 1,160, kiasi kinachotosha kuchemsha zaidi ya lita 3 za maji ya kawaida. Hapa kuna jambo la kuzingatia. Halijoto ikipanda, mmenyuko huenda kasi zaidi. Ukienda kasi, joto huzalishwa kwa haraka zaidi. Nalo huipandisha halijoto tena. Pipa la chokaa linalotiwa maji bila uangalifu hurusha uji unaochemka ukampofua mtu.

Basi tunazo tabia mbili zinazopingana. Katika kinu cha TRIGA, kupanda kwa halijoto hupunguza uzalishaji wa joto. Katika pipa la chokaa, kupanda kwa halijoto huongeza uzalishaji wa joto. Tofauti ya kitu kinachojizuia na kitu kinachojichochea ndiyo tofauti ya usalama na hatari. Lugha isiyoweza kuitamka tofauti hiyo kwa sentensi fupi haiwezi kuandika tangazo la tahadhari.

5. Tofauti, mteremko au mwinamo

Tunafika sasa katika istilahi iliyo ngumu zaidi. Ndani ya kinu, tanuu au lundo, halijoto haiko sawa kila mahali. Katikati kuna moto zaidi, pembeni kuna ubaridi. Sayansi inahitaji neno la kutaja jinsi halijoto inavyobadilika kwa kila hatua ya umbali. Watafsiri wengi huandika “tofauti ya joto” au “tofauti ya halijoto” na kuishia hapo.

Neno tofauti halitoshi, na lundo la mbata litatuonyesha sababu. Mbata iliyohifadhiwa bila kukauka vizuri huzalisha joto yenyewe. Ni jambo linalojulikana na wenye maghala na mabaharia, na ndiyo maana sheria za usafirishaji huihesabu kuwa shehena inayoweza kujipasha hadi kuwaka. Tuchukulie malundo mawili. Katika kila moja, katikati pamezidi pembeni kwa nyuzi 40. Lundo la kwanza ni dogo: kutoka katikati hadi pembeni ni nusu mita. La pili ni kubwa: ni mita 2. Tofauti ya halijoto ni moja, nyuzi 40 kwa nyuzi 40. Lakini katika lundo dogo halijoto inashuka nyuzi 80 kwa kila mita, na katika lundo kubwa nyuzi 20 tu. Kwa kuwa joto hutiririka kwa kadiri ya badiliko hilo, kila sehemu ya uso wa lundo kubwa inapitisha robo tu ya joto linalopita katika lundo dogo. Joto linalozalishwa ndani linakosa njia ya kutoka, halijoto ya katikati inapanda, na uzalishaji unaongezeka. Mwenye ghala aliyeambiwa aangalie “tofauti” tu ataona malundo mawili yaliyo sawa, na moja kati ya hayo litamchomea ghala.

Kwa hiyo tunahitaji neno lenye umbali ndani yake. Lugha yetu inayo maneno ya kufaa. La kwanza kufikiriwa ni mteremko. Ni neno zuri, kila mtu analijua, na linaafiki mtiririko wa joto, ambao huteremka kutoka penye halijoto ya juu kwenda penye halijoto ya chini. Hata hivyo linabeba mwelekeo ndani yake: mteremko ni wa kushuka.

Tulipime katika visima vya gesi. Duniani kwa jumla, mtu akichimba kwenda chini halijoto ya miamba hupanda kwa nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita. Sehemu ya joto hilo la ardhini, ieleweke, huzalishwa na urani, thori na potasi zilizomo ndani ya miamba, hata twaweza kusema kwamba tumesimama juu ya kitu kinachofanana kwa mbali na kinu. Sasa tukiandika “mteremko wa halijoto kuelekea chini ya kisima”, msomaji ataelewa kwamba chini kuna baridi zaidi. Neno limemwongoza kinyume cha ukweli. Ngazi nayo imependekezwa mara nyingine katika mazungumzo ya walimu, lakini ngazi hupanda kwa vidato, ilhali halijoto hubadilika bila kukatika.

Tunaona mwinamo linafaa zaidi. Paa lina mwinamo bila kujali kama mtu anapanda au anashuka, na mwinamo huweza kuwa mkali au wa polepole. Tukisema “mwinamo wa halijoto katika kisima ni nyuzi 28 kwa kila kilomita, ikipanda kuelekea chini”, kila kitu kimetajwa. Tukisema “mwinamo wa halijoto katika lundo kubwa ni mdogo, kwa hiyo joto halitoki kwa haraka”, mwenye ghala ameelewa. Tukienda katika vinu vikubwa vya umeme, sentensi haivunjiki: kipande cha fueli chenye unene wa sentimita 1 hivi huwa na zaidi ya nyuzi 1,000 katikati, na uso wake ukawa na mamia machache tu, kwa hiyo mwinamo wake wa halijoto ni zaidi ya nyuzi 100 kwa kila milimita. Kwa sababu hiyo mhandisi hawezi kuitegemea halijoto ya wastani peke yake: sehemu yenye moto zaidi hunasa nyutroni nyingi zaidi bila mpasuko, na huathiri uzalishaji wa joto kwa namna yake.

6. Kuzalisha, kutoa na kupitisha

Vitenzi navyo vinahitaji kuchungwa. Mara nyingi tunasoma kwamba kitu “kinatoa joto”, na haijulikani kama joto hilo limezaliwa humo au limepita tu. Jiko la mkaa huzalisha joto, kwa kuwa mmenyuko unatokea ndani yake. Sufuria hupitisha joto. Jiwe lililochomwa likaondolewa motoni hutoa joto lililokuwa limehifadhiwa. Kinu hufanya yote matatu kwa pamoja: huzalisha katika fueli, hupitisha katika kuta za metali, na hutoa kwa maji yanayokipoza. Hatari huanza pale kuzalisha kunapozidi kutoa. Mtafsiri aliyetumia “kutoa” mahali pote ameifuta hesabu hiyo.

Hali ni hiyo hiyo kwa kupoa na kupoza. Kupoa ni kwa kitu chenyewe. Kupoza ni kazi ya mtu au mtambo. “Kinu kilipoa” na “kinu kilipozwa” si habari moja.

7. Tanuri, kinu na kitenzi “kuzima”

Katika maandishi na matangazo mtu hukutana na “tanuri la nyuklia”, “kinu cha nyuklia” na “mtambo wa nyuklia”, wakati mwingine yote matatu katika habari moja. Mtambo ni neno pana mno: kituo kizima cha umeme ni mtambo, pamoja na majenereta na pampu zake. Linabaki suala la tanuri na kinu.

Tanuri, au tanuu, ni mahali pa moto. Lina kuni, lina hewa, lina moshi. Linaafiki sana pale kitu kinapochomwa: mkate, chokaa, matofali, chuma. Ndani ya kifaa cha nyuklia hakuna kinachoungua. Kinu, kwa upande wake, kilianza kuwa cha kutwangia nafaka, kisha kikapanuka kuwa cha kusaga na cha kukamua mafuta; daima ni chombo ambamo kitu huvunjwa ili kitoe kilichomo ndani. Upanuzi wa kufikia viini vinavyopasuliwa ni hatua moja zaidi katika njia ambayo neno lenyewe limekwisha kuipita. Isitoshe, vyombo vya habari vimelizoea. Kwa hiyo twaona kinu kichukuliwe kwa nyuklia, na tanuri liachiwe moto. Kwa kemia, ambako mmenyuko hufanyika ndani ya pipa au mtungi, “chombo cha mmenyuko” kinatosha na kinaeleweka.

Chaguo hili lina faida nyingine iliyo kubwa zaidi. Anayesema tanuri huvutwa kusema “kuzima”, kwa kuwa moto huzimwa. Tarehe 11 Machi 2011, tetemeko lilipoipiga Japani, vinu vitatu vilivyokuwa vikifanya kazi Fukushima Daiichi vilisimama vyenyewe kama vilivyopangwa. Kisha tsunami ikakata umeme wa kuendeshea upozaji, na fueli ya vinu vyote vitatu ikayeyuka. Aliyeambiwa kwamba vinu hivyo “vilizimwa” alikuwa na haki ya kushangaa: kitu kilichozimwa kinayeyukaje?

Jibu ni kwamba mpasuko ulisimama, lakini mabaki ya viini vilivyokwisha kupasuka yaliendelea kuzalisha joto. Mara tu baada ya kusimamishwa, joto hilo huwa asilimia 6 au 7 ya nguvu ya awali. Baada ya siku moja bado ni kama nusu asilimia. Katika kinu chenye nguvu ya joto ya megawati 3,000, nusu asilimia hiyo ni megawati 15, na pasipo maji ya kuupokea mzigo huo halijoto hupanda tu.

Mchoma mkaa asingeshangaa. Yeye anajua kwamba tanuri lisilotoa moshi tena bado lina moto ndani ya udongo, na kwamba akilifukua mapema litawaka upya na kumla mali yake. Anatofautisha moto kuisha, tanuri kupoa, na tanuri kuwa tayari kufunguliwa. Tunapendekeza utaratibu huo wa hatua tatu uhamie katika istilahi: kinu kimesimamishwa; kinu kinapozwa; kinu kimepoa. Neno kuzima liachiwe taa na moto.

8. Uzito wa jambo hili

Huenda mtu akasema kwamba Tanzania haina kinu cha nyuklia, na kwa hiyo maneno haya ni ya anasa. Jibu lake ni jepesi. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania iliundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003, na kazi yake ni pamoja na kuwalinda wananchi dhidi ya madhara ya mionzi. Urani imo ardhini mwetu, katika eneo la Mto Mkuju wilayani Namtumbo. Siku wananchi watakapotakiwa kutoa maoni kuhusu mambo haya, watatoa maoni kwa Kiswahili. Ikiwa maneno hayatakuwa yamewekwa sawa kabla ya siku hiyo, watajadili wasichokielewa, au watanyamaza.

Na kwa mwananchi wa Ziwani au Madimba jambo haliko mbali hata kidogo. Mwaka 2013 Mtwara ilikumbwa na ghasia kwa ajili ya bomba la gesi. Hatudai kwamba istilahi ndizo zilizoleta mzozo huo. Ulihusu manufaa ya gesi na nani ayapate. Twasema tu kwamba mahali penye mitambo ya namna hiyo, tangazo lisiloeleweka ni hatari inayojitegemea. Fikiri maneno haya juu ya chombo chochote cha kiwandani: “Usifungue kabla joto halijapungua.” Mfanyakazi anagusa ukuta wa nje, anauona wa baridi, anafungua. Hakuambiwa kwamba baina ya ukuta na kiini kuna mwinamo mkali wa halijoto. Iwapo lingeandikwa “Usifungue kabla halijoto ya ndani haijashuka chini ya nyuzi 40, ukuta wa nje hupoa mapema”, pasingekuwa na shaka.

Shuleni nako kuna pengo. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Tume ya Rais ya Elimu ilipendekeza mwaka 1982 kitumike pia sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Matokeo yake ni kwamba mtoto hujifunza joto kwa Kiswahili, na anapofika mahali pa kuligawa joto na halijoto, lugha inabadilika mkononi mwake. Hapo huambiwa kwamba Kiswahili hakiwezi, ilhali Kiswahili hakikupewa nafasi ya kujaribu.

9. Mapendekezo

(a) Joto litumike kwa nishati, na halijoto kwa kipimo cha nyuzi, katika vitabu vyote vya sayansi kuanzia shule ya msingi na katika matangazo ya usalama. “Kiwango cha joto” kiepukwe kwa maana ya halijoto. Kipimajoto na nyuzi joto vibaki kama vilivyo.

(b) Mwinamo wa halijoto utumike kwa badiliko la halijoto kwa umbali, na vipimo vyake vitajwe daima: nyuzi ngapi kwa mita, kwa kilomita au kwa milimita, na kuelekea wapi. Tofauti ya halijoto itumike pale tu umbali usipohusika.

(c) Kuzalisha, kupitisha na kutoa joto vitenganishwe, pamoja na kupoa na kupoza.

(d) Kinu kichukuliwe kwa nyuklia, tanuri kwa moto, chombo cha mmenyuko kwa kemia. Kinu kisimamishwe, kipozwe, kipoe, kisizimwe.

(e) Kila orodha mpya ya istilahi itolewe pamoja na sentensi moja ngumu kwa kila jozi ya maneno yanayokaribiana.

Pendekezo la mwisho ndilo tunalolisisitiza kuliko yote. Waliobuni istilahi zetu walifanya kazi kwa haraka, wakidaiwa maneno na kila wizara na kila shule, na wakatupatia akiba kubwa. Wajibu wetu sasa ni kuipima akiba hiyo katika matumizi. Msomaji mwenye sentensi ngumu kuliko hizi, iwe ya ghalani, ya zahanati, ya kisimani au ya darasani, na azijaribu istilahi tulizozipendekeza ndani yake. Zikisimama, zitumike. Zikianguka, zitafutwe nyingine.